Daraja la London lililoyumba: modeli ilipatia namba, sababu ikaikosa

Tarehe 10 Juni 2000 pale London lilifunguliwa daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, lile la Milenia, linalounganisha upande wa kanisa la St Paul's na jumba la sanaa la Tate Modern. Watu wakamiminika kwelikweli, inakadiriwa siku ile ya kwanza walivuka kama 90,000 na kuna nyakati walikuwepo mpaka 2,000 juu yake kwa wakati mmoja. Basi likaanza kuyumba, sio juu-chini bali kushoto-kulia, na kipande cha katikati kilienda mpaka sentimita 7 hivi, ukiangalia video za siku ile unaona watu wanatembea miguu imepanuliwa na wengine wamesimama wameshikilia vyuma vya pembeni. Siku mbili baadaye likafungwa na halikufunguliwa tena mpaka tarehe 22 Februari 2002.

Kisa hiki wengi wanaosoma mifumo changamani (yenye sehemu nyingi zinazoathiriana) wamekutana nacho, na karibu kila mahali kinasimuliwa hivi: watu walianza bila kujua kutembea kwa mpigo mmoja, mpigo ule ukalisukuma daraja, daraja likayumba. Hadithi tamu, inaeleweka haraka, ina hesabu nzuri nyuma yake. Mimi msimamo wangu ni kwamba hadithi hiyo imegeuza chanzo na matokeo, na ushahidi wa miaka ya karibuni uko upande huo. Na kinachonifanya nikiandike kirefu ni kwamba modeli yenyewe ilikuwa inatoa namba sahihi kabisa. Hapo ndo pana somo kwa mtu yeyote anayetengeneza modeli.

Tuanze na daraja lenyewe. Mainjinia walikuwa Arup, wasanifu Foster and Partners pamoja na mchongaji Anthony Caro. Lina vipande vitatu, cha kaskazini mita 81, cha katikati 144 na cha kusini 108, na kebo zake hazipandi juu kama madaraja mengine ya kuning'inia, zimekaa pembeni zikiwa zimelegea mita 2.3 tu kwenye ule urefu wote wa mita 144, maana walitaka daraja jembamba lisilozuia mandhari. Kila kipande kina frikwensi zake za asili za kuyumba pembeni, yaani mara ngapi kinayumba kwa sekunde, na kipimo chake ni Herzi: kaskazini karibu Herzi 1, kusini karibu 0.8, katikati karibu 0.5 na nyingine karibu 0.95. Zikumbuke hizo namba hasa ile ya 0.5, tutairudia.

Sasa mtu akitembea kawaida anapiga hatua kama 2 kwa sekunde, kwa hiyo nguvu ya kwenda chini inajirudia kwa Herzi 2 hivi, na hiyo kila injinia wa madaraja anaijua na anaipigia hesabu. Lakini mguu wa kushoto unasukuma upande mmoja na wa kulia upande wa pili, kwa hiyo ile nguvu ya pembeni inajirudia kila hatua mbili, yaani Herzi 1. Ni nguvu ndogo, nyutoni 30 hivi kwa mtu ambaye uzito wake ni nyutoni 700, na ukichukulia kila mtu anatembea kivyake basi misukumo inafutana. Watu N wasiohusiana hawatoi msukumo wa N, wanatoa wa kipeuo cha pili cha N, kwa hiyo watu 2,000 wanasukuma kama watu 45 tu, na watu 45 hawalitishi daraja la tani mamia. Kanuni za ujenzi za Uingereza wakati ule mkazo wake ulikuwa kwenye mtikisiko wa juu-chini.

Kilichokosekana kwenye hesabu ya namna hiyo ni kitu kimoja tu, mshale wa kurudi. Mtu analisukuma daraja, sawa, lakini daraja nalo linamsukuma mtu, mtu anabadilisha namna anavyokanyaga, na huko kukanyaga kupya kunarudi tena kwenye daraja. Ukishauweka huo mshale wa pili hiyo sio tena hesabu ya mzigo juu ya chuma, ni mfumo changamani, na tabia yake huipati kwa kujumlisha tabia za mtu mmoja mmoja.

Na dalili zilikuwepo jamani. Auckland mwaka 1975 daraja kubwa la magari liliyumba pembeni wakati waandamanaji wakilivuka. Japani, mtafiti Fujino na wenzake walichapisha mwaka 1993 vipimo vya daraja la waenda kwa miguu lililokuwa likiyumba kila watu walipotoka uwanja wa mashindano ya boti, ila walichapisha kwenye jarida la wataalamu wa matetemeko ya ardhi, ambapo mbunifu wa daraja la kutembea sio lazima apite. Hata Paris, daraja la Solférino lililofunguliwa Desemba 1999, miezi michache tu kabla ya London, nalo liliyumba pembeni likafungwa.

Baada ya kufunga, Arup walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu sana, hawakukimbilia nadharia, walienda kupima. Watu walitembezwa kwenye majukwaa yanayoyumbishwa kwa mashine pale chuo kikuu cha Southampton na Imperial College, halafu wakaenda kwenye daraja lenyewe na makundi ya watu, wanaongeza kidogo kidogo huku wanarekodi. Walichokiona ni kwamba ile nguvu ya pembeni ya watembeaji kwa wastani inaendana na kasi ya daraja, yaani daraja likienda kulia kwa kasi zaidi watu nao kwa wastani wanalisukuma kulia zaidi, na kila mtu anachangia karibu nyutoni 300 kwa kila mita moja kwa sekunde ya kasi ya daraja.

Andika equesheni ya kawaida ya kitu kinachoyumba: M·a + C·v + K·x = 0, ambapo x ni umbali wa daraja kutoka katikati, v ni kasi yake, a ni mchapuko wake (kasi inavyobadilika), M ni uzito, K ni ule ugumu unaolirudisha daraja katikati, na C ni dampingi, yaani uwezo wa daraja kumeza mtikisiko wake lenyewe mpaka litulie. Sasa ingiza watu N ambao kila mmoja anasukuma k·v kufuata kasi. Inakuwa M·a + (C − N·k)·v + K·x = 0. Iangalie hiyo mabano kwa makini maana kisa kizima kimo humo. Watu hawaongezi tu mzigo, wanakula dampingi. Kila anayeingia anapunguza kidogo uwezo wa daraja kujituliza, na maadamu C bado ni kubwa kuliko N·k daraja linaonekana zima kabisa, halina dalili yoyote ya kumtisha anayeangalia kwa macho. Siku N·k ikipita C mabano inakuwa hasi, na mtikisiko wowote hata wa upepo mdogo unajizidisha wenyewe badala ya kufifia. (Kwa uhalisia aliye katikati ya kipande anahesabika zaidi kuliko aliye karibu na nguzo, ila umbo la equesheni ni hilohilo.)

Ndo maana tukio halikuwa la polepole. Kwenye jaribio la Desemba 2000 kipande cha kaskazini, watu waliongezwa kwa mafungu na daraja likabaki tulivu fungu baada ya fungu, walipofika 166 mtikisiko ukapanda ghafla na jaribio likasimamishwa. Mtu aliyezoea kufikiri kwa mstari ulionyooka angesema watu 80 watatikisa nusu ya watu 160, na hapo angekosea vibaya, watu 80 hawakutikisa kitu. Mfumo wenye kizingiti haukupi onyo kwa ukubwa wa mtikisiko.

Marekebisho yalitoka moja kwa moja kwenye ile mabano. Huwezi kupunguza k kwa sababu ni namna binadamu anavyotembea, kuzuia watu ni kuua maana ya daraja, kulifanya gumu zaidi kungeharibu umbo lake, basi kilichobaki ni kuongeza C. Wakafunga dampa (vifaa vya kumeza mtikisiko) 37 za kimiminika kwa ajili ya huku kuyumba pembeni, na nyingine 52 za uzito unaoning'inia kwa ajili ya juu-chini, kwa gharama ya pauni milioni 5 juu ya milioni 18.2 za kulijenga. Dampingi ya pembeni ikapanda kutoka chini ya asilimia 1 mpaka kati ya 15 na 20, na kwa kuwa kizingiti kinapanda sambamba na dampingi, idadi ya watu inayoweza kulivuruga ikaenda mbali kupita kiasi cha watu kinachoenea pale juu. Januari 2002 wakalipitisha watu kama 2,000 kulijaribu, likatulia.

Sasa angalia, mpaka hapa hakuna aliyejua kwa nini watu wanasukuma kufuata kasi. Arup walikuwa na kipimo, hawakuwa na sababu, na kipimo kilitosha kuliokoa daraja.

Sababu ikaja mwaka 2005 kwenye jarida la Nature, mwanahisabati Steven Strogatz akiwa na Daniel Abrams, Allan McRobie, Bruno Eckhardt na Edward Ott. Wao walichukua fikra ya mwanafizikia Mjapani Kuramoto ya mwaka 1975, kwamba vitu vingi vinavyojirudia kila kimoja kwa kasi yake vikiunganishwa kwa nguvu ya kutosha vinaanza kwenda pamoja ghafla. Kila mtembeaji wakamfanya saa ndogo yenye frikwensi yake, anasukuma daraja kwa nyutoni 30, na daraja likiyumba linamvuta saa yake kidogo ili ikae kwenye fezi (mahali kwenye mzunguko) inayozidi kulisukuma. Mvuto huo wakaupa kigezo kimoja, tukiite Q. Wakaingiza uzito na ugumu wa kipande cha kaskazini, wakaongeza watu ndani ya kompyuta mmoja mmoja kama Arup walivyofanya, na kweli, chini ya watu 160 hivi hakuna kitu, ukipita hapo daraja linalipuka kuyumba na watu wanaingia mpigo mmoja, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Ni modeli nzuri. Fupi, ina kizingiti, na iliwafundisha watu wengi sana kuhusu kulandana kwenye mifumo, yaani vitu kuingia mpigo mmoja, sitaki mtu asome hapa akadhani naibeza. Ila Q haikupimwa kwa mtu yeyote. Ilichaguliwa ili kizingiti kiangukie pale pale kwenye data. Ukiwa na kitasa kimoja cha kuzungusha na namba moja ya kufikia, kufika sio ushahidi, ungefika hata kwa utaratibu mwingine kabisa. Mtu akikuonyesha grafu ya simulesheni imelala juu ya data, swali la kwanza ni vigezo vingapi vilipimwa pembeni na vingapi vilirekebishwa mpaka grafu ikalala.

Swali la pili ni modeli inakataza nini. Hii ya kulandana inakataza jambo moja wazi kabisa: kama frikwensi ya daraja iko mbali na mpigo wa watu, hawawezi kunaswa, kwa hiyo hakuna kuyumba. Haya, rudi kwenye ile 0.5. Kipande cha katikati kiliyumba pia kwenye frikwensi ya karibu Herzi 0.5 siku ya ufunguzi, na ili mtu atembee kwa mpigo huo inabidi apige hatua moja tu kwa sekunde, nusu ya mwendo wa kawaida. Na huko Bristol, daraja la kuning'inia la Clifton, mtafiti John Macdonald alirekodi mitikisiko ya pembeni wakati wa umati, kwenye frikwensi za karibu 0.5 na 0.75, bila hatua za watu kuhamia kwenye frikwensi hizo. Hizo data zilitakiwa zitushtue mapema zaidi.

Macdonald mwaka 2009 akaleta maelezo mengine na hapa naomba twende taratibu maana ndo roho ya jambo. Yeye hakuanza na saa, alianza na usawa wa mwili. Mtu anayetembea ukimtazama kwa mbele ni fimbo iliyosimamishwa juu ya ncha, anaangukia kushoto, anaweka mguu kushoto kujizuia, anaangukia kulia, anaweka mguu kulia. Wataalamu wa mwendo wa binadamu walishaonyesha kwamba mahali tunapoweka mguu kunategemea mwili uko wapi na unaenda kwa kasi gani pembeni, kasi ikizidi tunaukanyagia mguu mbali zaidi. Muda wa hatua hatuubadilishi, tunabadilisha mahali.

Mweke huyo mtu juu ya daraja linaloyumba kidogo. Mwili wake unasukumwa pembeni, hatua inayofuata anaikanyaga mahali tofauti kidogo, na ile nguvu inayorudi kwenye sakafu inabeba ndani yake kipande kinachofuata frikwensi ya daraja, ijapokuwa mtu mwenyewe anaendelea kutembea kwa mpigo wake uleule. Hatua moja inaweza kulisukuma daraja, inayofuata ikalizuia, kutegemeana na imedondokea wapi kwenye mzunguko, lakini ukichukua wastani wa hatua nyingi haifutiki yote, kinabaki kiasi fulani upande wa kuongeza nguvu kwenye daraja kwa eneo pana la frikwensi. Hiyo ni k ileile ya Arup, imetoka yenyewe kwenye namna mtu anavyojizuia kuanguka, bila kigezo kilichochongwa kufuata jibu, na bila mtu hata mmoja kulandana na mwenzake.

Mwaka 2021 Igor Belykh, Macdonald, Alan Champneys na wenzao wakachapisha kwenye Nature Communications uchambuzi unaoonyesha kizingiti cha daraja la Milenia kinaweza kutokea bila kulandana kabisa, na kulandana pale kunapotokea ni tokeo linalokuja baada ya daraja kuwa limeshaanza kuyumba sana. Ile video yenye vichwa vinavyoenda pamoja ni ya kweli, ila inaonyesha watu wanaolifuata daraja lililokwisha kuharibika. Na kitu kilichonifurahisha ni kwamba Allan McRobie, yuleyule wa karatasi ya 2005, jina lake limo pia kwenye hii ya 2021. Sayansi inaendeshwa hivyo, mtu anairudia hoja yake mwenyewe pale ushahidi unapogeuka.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe kwenye kompyuta, haihitaji mashine kubwa. Daraja ni equesheni ya juu, mistari michache ya kodi. Mtembeaji ni y'' = w²(y − p) − a, ambapo y ni mahali pa mwili ukilinganisha na daraja, p ni mahali pa mguu, a ni mchapuko wa daraja, na w² ni graviti ukigawa kwa urefu wa mguu hivi. Kila muda wa hatua ukifika unauweka mguu mpya kwenye y + y'/w ukiongeza kipande kidogo cha kudumu upande wa nje. Kila mtu mpe muda wake wa hatua, wasifanane. Usianze na daraja lililotulia sifuri kamili, lipe mguso kidogo. Halafu fanya majaribio mawili tofauti na usiyachanganye. La kwanza, liyumbishe daraja kwa lazima, kidogo tu, kwa frikwensi unayoichagua, weka mtu mmoja, na upige wastani wa nguvu yake mara kasi ya daraja kwa muda mrefu. Ikitoka chanya anaingiza nishati. Rudia kwa frikwensi nyingi uone eneo lilivyo pana. La pili, liachie daraja, ongeza watu, na chora vitu viwili kwa pamoja: ukubwa wa mtikisiko, na kile kipimo cha Kuramoto cha watu wangapi wako mpigo mmoja (0 ni hakuna kulandana, 1 ni wote pamoja). Kumbuka hicho kipimo hakianzii sifuri, watu 166 wasiohusiana kinatoa kama 0.08 kwa bahati tu, wengi wanaona hiyo wanadhani wameshapata kulandana. Mtikisiko ukianza kupanda huku kipimo kikiwa bado hapo chini, umeshajibu swali la nani alianza.

Tofauti hii ina uzito kwa mainjinia pia. Ukiamini kulandana, utahangaika kuisogeza frikwensi ya daraja mbali na Herzi 1 kisha ulale usingizi. Ukiamini kujizuia kuanguka, kusogeza frikwensi peke yake hakukulindi, lazima uhesabu dampingi na uzito dhidi ya idadi ya watu kwa kila frikwensi ya chini ya pembeni.

Na kuna kipimo ambacho ile mabano inatupa bure, natamani kifanyike kwenye kila daraja jembamba kabla ya utepe kukatwa. Usipime ukubwa wa mtikisiko, pima unachukua muda gani kufifia. Lisukume daraja kidogo likiwa tupu, kisha watu 50 wakiwa wanatembea, kisha 100. Tuseme, mfano tu, dampingi inatoka asilimia 0.7, inakuwa 0.5, inakuwa 0.3: kwa macho daraja bado limetulia hatua zote tatu, lakini ukiuvuta huo mstari mbele unafika sifuri kwenye watu 175, na umeijua namba hiyo ukiwa bado na watu 100 tu juu.